Lenzi za Kulala Nazo: Tumsaidieje Mtoto Asiyeona Ubaoni?

Wengi wetu tulianza kisomo tukiwa watu wazima, na wengine tukiwa na wajukuu. Mwenye umri wa miaka 40 na zaidi anaijua shida yenyewe. Unashika gazeti, herufi zinakuwa na ukungu. Unalisogeza mbali kidogo, zinakaa sawa. Mwaka unaofuata unalisogeza tena, mpaka mkono unaisha! Hapo ndipo tunapoanza kutafuta miwani ya kusomea.

Hiyo ni shida ya macho ya watu wazima. Vitu vya karibu hatuvioni vizuri, lakini vya mbali tunaviona. Leo tutajifunza shida iliyo kinyume chake, ambayo huwapata watoto. Mtoto anaona vizuri daftari lililo mbele yake, lakini maandishi ya ubaoni hayaoni.

Kisha tutajifunza juu ya lenzi ambazo mtoto huvaa machoni usiku anapolala. Asubuhi huzivua, akaona mbali mchana kutwa bila miwani. Lenzi hizo hutumika zaidi katika Asia ya Mashariki, kama vile China, Hong Kong na Taiwan. Siku hizi simu huleta habari za kila namna mpaka kijijini, na habari za lenzi hizi zimo. Wapo wanaosema eti zinaponya macho kabisa. Je, ni kweli? Je, mzazi wa kijijini auze ng'ombe ili azinunue? Tusome pole pole, tuelewe, halafu tuamue wenyewe.

MANENO YA KUJIFUNZA KWANZA

Konea: ni kioo cha mbele cha jicho. Ni ngozi laini inayopitisha mwanga. Unene wake katikati ni karibu nusu milimita.

Retina: ni utando ulio nyuma kabisa ndani ya jicho. Picha ya kitu tunachokitazama hutua hapo.

Lenzi: ni kipande cha kioo au plastiki kinachopindisha mwanga. Kioo cha miwani ni lenzi.

Maiopia: ni kasoro ya jicho kutoona vizuri vitu vilivyo mbali.

Othokeratolojia: ni njia ya kubadili umbo la konea kwa muda, kwa kutumia lenzi ngumu zinazovaliwa usiku. Neno hili ni refu, usihangaike nalo. Katika somo letu tutasema "lenzi za kulala nazo".

KWA NINI MTOTO HAONI MBALI?

Jicho ni la mviringo kama mpira mdogo. Jicho la mtu mzima lina urefu wa milimita 24 hivi, kutoka mbele hadi nyuma. Mwanga huingia kwa mbele. Konea huupindisha, na mwishowe hukutana mahali pamoja nyuma ya jicho. Ukikutana juu ya retina barabara, mtu huona sawasawa.

Mtoto mwenye maiopia, jicho lake limerefuka kupita kiasi kuelekea nyuma. Kwa hiyo mwanga unaotoka mbali hukutana kabla haujafika kwenye retina. Unapofika huko umekwisha kutawanyika tena, na picha inakuwa na ukungu. Jicho likizidi urefu wake kwa milimita 1 tu, mtoto hupata taabu kusoma ubaoni.

Kasoro hii kwa kawaida huanza mtoto akiwa shule ya msingi. Kadiri anavyokua, ndivyo jicho linavyozidi kurefuka. Mwaka huu anapewa miwani hii, mwaka kesho inakuwa haimtoshi. Jicho likirefuka mno, retina huvutwa ikawa nyembamba. Mtu wa namna hiyo akiwa mkubwa yumo katika hatari zaidi ya retina kubanduka, ya presha ya macho, na hata ya upofu.

Kwa hiyo daktari wa macho ana kazi mbili. Ya kwanza ni kumwezesha mtoto aone ubao leo. Ya pili ni kupunguza mwendo wa jicho kurefuka, ili kesho asije akapata madhara makubwa. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Nini kinaleta kasoro hii? Urithi upo. Mzazi akiwa nayo, mtoto anaweza kuipata. Lakini maisha ya mtoto nayo yana nguvu sana. Watoto wanaoshinda ndani kutwa, macho yakiwa karibu na kitabu na jua hawalioni, huipata zaidi. Nchini China, hesabu ya serikali ya mwaka 2018 ilionyesha kwamba watoto na vijana 53.6 kati ya kila 100 walikuwa na maiopia. Hao ni zaidi ya nusu! Kwetu Afrika watoto wa namna hiyo ni wachache zaidi. Lakini wapo, na ni rahisi kuwasahau kwa sababu ni wachache.

MTOTO HUYU SI MJINGA

Hapa tusome kwa makini. Mtoto asiyeona mbali hajui kwamba haoni. Anadhani watu wote wanaona kama yeye. Hatakuja nyumbani kusema, "Mama, macho yangu mabovu." Atanyamaza. Mwalimu akiandika hesabu ubaoni, atanakili kwa jirani. Jirani akikosea, naye atakosea. Akiambiwa asome ubaoni, atakaa kimya. Wenzake watamcheka, na mwalimu atamwona mvivu. Mzazi akipata habari hizo, naye atamgombeza. Baadaye mtoto anaanza kutoroka shule. Watu wanasema, "Yule hana kichwa." Kumbe kichwa anacho. Kilichopungua ni macho!

Tuangalie dalili hizi:

1. Mtoto anafinya macho anapotazama mbali.

2. Anasogea mbele darasani, au anakwenda kusimama karibu na ubao.

3. Anashika kitabu karibu sana na uso.

4. Hamtambui mtu aliye ng'ambo ya njia mpaka asikie sauti yake.

5. Mpira ukirushwa anachelewa kuuona.

6. Anapenda kunakili kwa mwenzake badala ya kusoma ubaoni.

Ukiona dalili hizi, usimpige mtoto, wala usimtukane. Mpime.

KIPIMO KIDOGO TUNACHOWEZA KUFANYA

Kipimo hiki hakihitaji mtoto awe anajua kusoma. Chukua kadi nyeupe. Chora juu yake herufi E kwa wino mweusi. Urefu na upana wa herufi uwe milimita 17 na nusu, yaani sentimita 1 na robo tatu. Kila mstari wa herufi uwe na unene wa milimita 3 na nusu. Nafasi iliyo kati ya mistari nayo iwe milimita 3 na nusu.

Msimamishe mtoto mita 6 kutoka kwenye kadi. Pima kwa tepu au kwa kamba iliyopimwa, usikisie. Mahali pawe na mwanga wa kutosha, na jua lisimpige mtoto usoni. Mtoto azibe jicho moja kwa kiganja bila kulibonyeza. Mwonyeshe kadi, ukiigeuza meno ya E mara juu, mara chini, mara kulia, mara kushoto. Yeye aonyeshe kwa mkono meno yanaelekea wapi. Fanya hivyo mara 5, kisha uende kwenye jicho la pili.

Akikosea mara 2 au zaidi kwa jicho lolote, mpeleke kwa mtaalamu wa macho. Kipimo chetu hakisemi mtoto anaumwa nini. Huenda ni maiopia, huenda ni ugonjwa mwingine. Kinatuambia tu kwamba lipo jambo la kuchunguzwa.

Majirani zetu wa Kenya wana mfano mzuri. Katika eneo la Trans Nzoia, walimu wa shule 25 walitumia simu janja kuwapima watoto macho kwa herufi E kama hiyo. Wazazi wa watoto walioonekana na kasoro walipewa picha inayoonyesha jinsi mtoto wao anavyoona. Walikumbushwa pia kwa ujumbe wa simu. Katika shule nyingine 25, watoto walipimwa kwa kadi ya kawaida, na mzazi akapewa barua tu. Matokeo yalitolewa mwaka 2018. Kwenye shule za simu na picha, watoto 54 kati ya kila 100 walioandikiwa kwenda hospitali walikwenda. Kwenye shule za barua walikwenda 22 tu kati ya kila 100. Tunajifunza nini hapo? Mzazi akielewa anachokiona mtoto wake, anainuka na kwenda.

LENZI ZA KULALA NAZO NI KITU GANI?

Haya, sasa tufike kwenye lenzi zenyewe.

Fikiria mfinyanzi anayetengeneza chungu. Akibonyeza kidole kwenye udongo mbichi, udongo unafuata umbo la kidole. Lenzi ya kulala nayo inafanya kazi inayofanana na hiyo. Ni kipande kidogo cha plastiki ngumu, kidogo kuliko sarafu, kinachopitisha hewa. Mtoto hukiweka juu ya konea kabla ya kulala. Usiku kucha, muda wa saa 8 hivi, lenzi inaisawazisha konea pale katikati, ngozi ya juu ikawa bapa kidogo. Asubuhi mtoto anaivua. Konea ikiwa bapa, mwanga unakwenda nyuma zaidi na kufika kwenye retina. Basi mtoto anaona mbali bila miwani.

Lakini konea si udongo wa mfinyanzi uliochomwa. Tuseme ni kama godoro la sponji. Ukilala juu yake linabonyea. Ukiondoka, linarudi. Konea nayo hurudi katika umbo lake. Kwa hiyo lenzi lazima zivaliwe kila usiku, au karibu kila usiku. Mtoto akiacha kuzivaa, baada ya siku kadhaa au wiki chache macho yanarudi kama yalivyokuwa. Hazijaponya jicho, zimelishika tu.

Njia hii si ya jana. Mwaka 1962, mtaalamu wa macho wa Chicago nchini Marekani, George Jessen, alieleza jinsi ya kutumia lenzi ngumu kubadili umbo la konea. Lenzi za wakati ule zilivaliwa mchana, na hazikupitisha hewa vizuri. Baadaye zikapatikana plastiki zinazopitisha hewa, na umbo la lenzi likabuniwa upya. Mwaka 2002 serikali ya Marekani iliruhusu lenzi za kuvaa usiku.

Hapo ndipo watu wa Asia ya Mashariki walipotazama jambo jingine. Walijiuliza: je, lenzi hizi zinampa tu mtoto kuona mchana, au zinapunguza pia mwendo wa jicho kurefuka?

ZINASAIDIA KIASI GANI?

Uchunguzi mmoja uliosaidia kujibu swali hilo ulifanyika Hong Kong. Waliuongoza watafiti wawili, Pauline Cho na Sin-Wan Cheung, na matokeo yake yalitolewa mwaka 2012. Walichukua watoto wa miaka 6 hadi 10 wenye maiopia. Wakawagawa kwa bahati nasibu mafungu mawili. Fungu la kwanza walivaa lenzi za kulala nazo. Fungu la pili walivaa miwani ya kawaida. Walipimwa urefu wa macho kwa muda wa miaka 2. Watoto 78 walifika mwisho wa uchunguzi.

Hebu tufanye hesabu pamoja. Macho ya watoto wa miwani yalirefuka kwa milimita 0.63. Macho ya watoto wa lenzi yalirefuka kwa milimita 0.36.

0.63 toa 0.36 ni 0.27.

Gawanya 0.27 kwa 0.63, utapata karibu 0.43, yaani asilimia 43.

Maana yake, macho ya watoto wa lenzi yalirefuka kwa mwendo uliopungua kwa asilimia 43. Hilo ni jambo kubwa. Lakini tazama tena zile tarakimu. Macho ya watoto wa lenzi nayo yalirefuka! Hayakusimama, na hayakurudi nyuma. Kwa hiyo mtu akikuambia lenzi hizi zinaponya maiopia, mwambie, "Ndugu yangu, zinapunguza mwendo. Kuponya ni jambo jingine."

HATARI YAKE NI NINI?

Jicho linapofumba usiku, hewa inayofika kwenye konea hupungua. Ukiweka lenzi juu yake, wadudu wa ugonjwa wakiingia chini ya lenzi wanapata mahali pazuri pa kuzaliana. Wakiingia ndani ya konea hufanya kidonda. Kidonda cha konea kikipona huacha kovu jeupe. Kovu likiwa katikati, jicho hilo haliwezi tena kuona vizuri.

Mwaka 2005 wataalamu walikusanya habari za wagonjwa 50 wa kwanza waliopata vidonda vya namna hiyo kwa sababu ya lenzi za kulala nazo. Wengi wao walikuwa watoto na vijana, na wengi walitoka Asia ya Mashariki. Nusu ya wagonjwa walitoka China na Taiwan, na waliugua mwaka 2001, wakati ambapo usimamizi wa lenzi hizo ulikuwa bado dhaifu. Kwa wagonjwa 30 hivi kati ya kila 100, aliyeleta kidonda alikuwa amiba. Huyu ni mdudu mdogo sana asiyeonekana kwa macho. Anaishi kwenye maji: ya kisima, ya mto, ya tangi, hata ya bomba. Dawa ya kumwua huchukua miezi mingi, na maumivu yake ni makali.

Ndugu msomaji, umeona jambo lilipo? Ni MAJI. Maji tunayoyaona meupe na masafi, tunayoyanywa bila shida, yanaweza kupofusha jicho lenye lenzi. Hata maji ya bomba la mjini hayafai kuoshea lenzi.

Siku hizi usimamizi umekuwa bora zaidi katika nchi hizo. Uchunguzi uliotolewa Marekani mwaka 2013 ulikadiria kwamba katika watoto 10,000 wanaovaa lenzi hizi kwa mwaka mmoja, karibu 14 hupata kidonda cha konea. Ni wachache, na wengi wao hupona wakitibiwa mapema. Lakini hao ni watoto walio karibu na daktari.

SHARTI ZA LENZI ZA KULALA NAZO

Mahali zinapotumika vizuri, sharti zake ni hizi:

1. Kabla ya yote, konea ya mtoto hupimwa kwa mashine inayochora ramani ya umbo lake. Lenzi hutengenezwa kufuata jicho la mtoto huyo. Mtoto mwingine haazimwi.

2. Mtoto huonwa na mtaalamu asubuhi ya kwanza baada ya usiku wa kwanza. Huonwa tena baada ya wiki moja, kisha mwezi mmoja, na baadaye kila baada ya miezi michache.

3. Mikono huoshwa kwa sabuni na kukaushwa kabisa kabla ya kugusa lenzi.

4. Lenzi husafishwa kwa dawa yake ya dukani tu. Si kwa maji, wala si kwa mate.

5. Kikopo cha kuhifadhia lenzi humwagwa dawa ya jana kila siku, kikakaushwa. Hubadilishwa mara kwa mara.

6. Lenzi zenyewe hubadilishwa baada ya muda, mara nyingi kila mwaka.

7. Jicho likiwa jekundu, likiuma, likichukia mwanga, likitoa tongo au likiona ukungu, lenzi huvuliwa mara moja. Mtoto hupelekwa hospitali siku hiyo hiyo, na lenzi huchukuliwa ili zipimwe.

Hebu jiulize sasa. Nyumba iliyo mbali na daktari wa macho, inayonunua dawa ya lenzi kwa safari ya siku nzima, itatimiza sharti hizi kila usiku kwa miaka kadhaa? Dawa ikiisha katikati ya masika na barabara imekatika, mama atafanya nini? Atashawishika kutumia maji. Hapo ndipo jicho litakapopotea.

MASWALI YA WAZAZI

Je, lenzi hizi ni mbaya?

Hapana. Ni kitu kizuri kikiwa mahali pake. Mahali pake ni penye mtaalamu aliyezisomea, penye dawa wakati wote, na penye mzazi anayeweza kumsimamia mtoto kila usiku. Bei yake nayo ni kubwa mara nyingi kuliko ya miwani. Ukiwa na mtoto anayesoma mjini na daktari amemshauri, msikilize daktari, ukiuliza habari za sharti zote tulizozitaja. Usinunue lenzi kwa mchuuzi, wala kwa mtu wa kwenye simu.

Watu wanasema miwani inaharibu macho ya mtoto. Ni kweli?

Si kweli. Wapo hata waliodhani kwamba mtoto akipewa miwani yenye nguvu pungufu, macho yatajizoeza. Jambo hilo lilichunguzwa Malaysia, na matokeo yakatolewa mwaka 2002. Watoto waliopewa miwani pungufu, kasoro yao ilizidi haraka kuliko ya wenzao waliopewa miwani kamili. Mtoto avae miwani iliyopimwa kwa macho yake.

Je, nimpe mjukuu miwani yangu ya kusomea?

Usimpe. Miwani yako ya kusomea inasaidia vitu vya karibu. Yeye ana shida ya vitu vya mbali. Ukimpa hiyo, ubao utazidi kuwa na ukungu.

Je, nimtie dawa ya majani, maziwa ya mama au maji ya sukari machoni?

Usitie kitu chochote machoni kwa kujitibu. Vitu hivyo haviwezi kufupisha jicho lililorefuka. Vinaweza kuingiza wadudu na kuleta kidonda.

SISI TUFANYE NINI?

Kwanza, tupime watoto. Darasa moja linaweza kupimwa asubuhi moja kwa kadi ya herufi E. Kamati ya shule ikubaliane na walimu, na mganga wa zahanati aombwe ushauri.

Pili, tuwapeleke watakaoonekana na kasoro kwenye hospitali yenye mtaalamu wa macho. Nauli inaweza kuchangwa. Wazazi watano wakiwa na watoto watano, waende safari moja.

Tatu, mtoto akipewa miwani, tumlinde asichekwe. Msichana asiambiwe kwamba miwani itamzuia kuolewa. Miwani ioshwe, iwekwe mahali pake, na mtoto apimwe tena kila mwaka.

Nne, wakati tunangoja miwani, mwalimu amkalishe mbele, aandike kwa herufi kubwa na asome kwa sauti anachoandika. Hii si dawa, lakini inamwokoa mtoto asipitwe na masomo.

Tano, watoto wacheze nje. Jambo hili halina gharama, na limechunguzwa. Katika mji wa Guangzhou nchini China, shule za msingi 12 zilishiriki. Katika nusu ya shule hizo, watoto wa darasa la kwanza waliongezewa dakika 40 za kuwa nje kila siku ya shule, kwa miaka 3. Matokeo yalitolewa mwaka 2015. Katika shule zilizoongeza muda wa nje, watoto waliopata maiopia walikuwa 30.4 kati ya kila 100. Katika shule nyingine walikuwa 39.5. Mwanga wa mchana unasaidia kuzuia jicho lisianze kurefuka ovyo. Watoto wetu wanaochunga, wanaocheza na kutembea kwenda shule wanao mwanga huo bure. Basi tusiwanyang'anye kwa kuwafungia ndani na simu kutwa nzima.

Wenzetu wa mijini huko Asia wamejenga maghorofa, watoto wakakosa jua, na sasa wanatafuta lenzi za kupunguza madhara. Sisi jua tunalo. Tulichokosa mara nyingi ni kumpima mtoto mapema, na ile miwani moja ya kumwezesha kusoma. Mtoto akikosa miwani leo, anakosa masomo ya leo. Lenzi za kulala nazo tumezijua, na kujua ni vizuri. Lakini kwa mtoto wa kijijini asiyeona ubaoni, kazi ya kwanza ni kadi ya herufi E, nauli ya hospitali na miwani yake mwenyewe.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Shida ya macho ya watu wazima na maiopia ya watoto zinatofautianaje?

2. Je, kijijini kwenu yupo mtoto anayeitwa mjinga ambaye hajapimwa macho? Nani atamwendea mzazi wake, na atamwambia nini?

3. Kwa nini maji masafi ya kunywa hayafai kuoshea lenzi za machoni?

4. Hesabu: shule ina watoto 240. Ikiwa kila mtoto anapimwa kwa dakika 3, watu wanne wakipima kwa pamoja watamaliza kwa saa ngapi?

5. Hospitali yenye mtaalamu wa macho iliyo karibu nanyi iko wapi? Nauli ya mtoto na mzazi ni kiasi gani? Andikeni majibu kwenye daftari la kikundi, na mpange siku ya kuanza kupima.